Siti za Rangi ya Maziwa

Mtu anayeosha siti ya ngozi kwa sabuni ya unga ningempeleka mahakamani, kama kungekuwa na mahakama ya mambo hayo. Mke wangu angekuwa hakimu, na ninavyomjua, hakuna ambaye angeachiliwa. Yeye ni fundi wa siti za ngozi hapa Jinja. Tangu nimwoe nimejifunza kwamba ngozi ya siti haina tofauti kubwa na ngozi yangu na yako. Ikioshwa vibaya inakauka, ikikauka inapasuka, na ikishapasuka mwenyewe anakimbilia sokoni kununua kava la kitambaa afunike mambo. Mficha maradhi kifo humuumbua. Siku kava linapovuliwa, anayeitwa ni mke wangu.

Tulikutana kwa sababu ya siti. Wakati ule nilikuwa dereva wa lori, natoka kwetu Kenya kuingia Uganda na kurudi, na siti yangu ilikuwa imechanika ubavuni, upande wa mlango, pale ambapo dereva hupasugua kila akipanda na kushuka. Nikaelekezwa mtaa wa Walukuba, hapa Jinja, kwa mwanamke wa Kinubi aliyekuwa anashona mikoba na kutengeneza viatu. Niliing'oa ile siti nikaibeba begani hadi mlangoni kwake. Aliitazama siti, akanitazama mimi, akasema, "Wewe unashuka kwa gari kama mtu ameitwa na polisi. Na hii si ngozi, hii ni plastiki. Lakini weka hapo."

Nilicheka, yeye hakucheka. Safari iliyofuata nilipita tena kumwonyesha kwamba mshono wake umeshika, na nyingine nikapita bila sababu yoyote. Mwishowe nilisilimu, nikaacha lori, tukapanga nyumba mtaa wa Mpumudde yenye uwanja wa kutosha magari mawili. Majirani waliniita afande kwa muda mrefu kwa sababu ya Kiswahili changu. Walidhani mtu anayekisema kwa raha namna ile lazima awe ametoka kambi ya jeshi.

Mke wangu si mtu wa kujificha. Anajisifu asubuhi, anajisifu jioni, na mteja akisahau kumsifu humkumbusha. Siku moja nilimtania kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Akanijibu, "Hata kizuri kinataka mdomo. Mdomo wangu ndio unakulisha." Na ni kweli. Mimi kazi yangu ni kwenda kuyachukua magari, kuyarudisha, kushika mwisho wa kitambaa na kunyamaza.

Lakini nimekaa naye miaka, nami nasema bila aibu kwamba sijaona mikono kama ile. Kwanza haanzi na maji. Anaanza kwa kupitisha vidole juu ya siti yote, polepole, kama mtu anayemtafuta mtoto homa. Kisha brashi laini na povu, povu tu, si maji, maana maji yakiingia kwenye mshono yanaozesha sponji. Penye mpasuko anajaza kwa fila, ile dawa ya kuziba nyufa, tabaka jembamba, anasugua kwa msasa laini, anajaza tena. Rangi anaichanganya mwenyewe kwenye kifuniko cha kopo, na hachanganyi rangi kwa mwanga wa taa hata umlipe nini. Anasema taa ni mwongo, jua ndilo shahidi. Akimaliza, mwenye gari huingia akakaa kwa adabu, kama mgeni ndani ya gari lake mwenyewe.

Na siri za watu anazo. Siti husema yote. Kuna bosi ambaye kiti chake cha nyuma kushoto kimelika na vingine vya abiria ni vipya, kwa hiyo hajawahi kumpa mtu lifti. Kuna mtu mzima anayekula pipi na kufutia vidole chini ya kiti. Aibu ya maiti aijuaye mwosha. Mke wangu hujisifia kazi yake kwa kila mtu, lakini ya wateja hayatoki mdomoni mwake.

Sasa nimtaje Habuba, maana jambo lenyewe ni lake. Habuba ndivyo Wanubi wanavyomwita bibi. Huyu ni bibi yake mke wangu, ndiye aliyemlea, na Walukuba yote ilimjua kama mwandaaji wa maharusi. Yeye ndiye aliyewasugua maharusi kwa dilka, ule mchanganyiko wa unga na manukato, akawafukiza udi, akawapaka mafuta yake ya simsim, yaani ufuta, aliyoyachemsha na karafuu na sandali. Msichana akitoka mikononi mwa Habuba alinukia hadi mwezi ukaandama tena. Aliwaandaa mama, akawaandaa binti zao.

Lakini macho yalikuwa yanamwacha. Ukungu ulikuwa umeyafunika, na watu wakaanza maneno. Mara Habuba amempaka bibi harusi hina hadi kwenye kiwiko. Mara Habuba amezeeka, tumpeleke binti yetu saluni mjini. Familia moja ikafanya hivyo, ikafuata nyingine. Habuba hakulalamika, ila siku ambazo harusi ilipita mtaani bila yeye kuitwa, hakula. Mke wangu alikuwa anampelekea chakula, naye anakirudisha, na nyumbani kwangu masufuria yalikuwa yanapigwa chini kwa hasira.

Basi jirani mmoja pale Walukuba, Mnubi mwenzao, akamwita. Binti yake alikuwa anaolewa Mbale, na mama huyo akasema wazi kwamba anamwita kwa heshima ya zamani, wengine walimkataza. Bwana harusi alikuwa anafanya kazi kwa mfanyabiashara mkubwa wa Mbale, na bosi wake akatoa gari lake jeupe limbebe bibi harusi. Likaletwa Jinja siku ya Alhamisi, harusi ikiwa Jumapili, na funguo nikapewa mimi, kwa kuwa upande wa bibi harusi dereva nilikuwa mimi. Siti zake zilikuwa za ngozi halisi, rangi ya maziwa. Nilipoziona tu nilijua mke wangu atataka kuzigusa. Zilikuwa kavu, zina nyufa nyembambanyembamba, dalili ya sabuni ya unga, lakini bado zilikuwa nzuri.

Mchana huo nililiacha gari uani kwa mama wa bibi harusi, milango wazi, ili Habuba alifukize udi kama ilivyo desturi. Nikaenda msikitini, nikakawia kwa mazungumzo. Habuba alifukiza udi wake. Kisha, kwa kuwa alikuwa peke yake na gari, akapitisha mkono juu ya siti. Na mkono wake ukamwambia kweli, kwamba ngozi hii ina kiu. Akafanya ambalo mwandaaji wa maharusi angefanya kwa ngozi yenye kiu. Akachukua chupa yake ya mafuta ya simsim akazipaka siti zote, za mbele na za nyuma, akazisugua vizuri hadi kwenye mishono, kama mgongo wa bibi harusi.

Niliporudi nilinusa kabla sijaona. Kisha nikaona. Siti za rangi ya maziwa zilikuwa na madoa ya rangi ya chai, mengine makubwa kama sinia, na ukigusa zilinata. Habuba alikuwa amekaa kwenye mkeka kando, amechoka, anafuta mikono, anaonekana ameridhika kabisa. Akaniuliza, "Umeona zimelainika?" Nikasema, "Nimeona, Habuba."

Mama wa bibi harusi akatoka ndani, akaona, akanivuta nyuma ya nyumba. Alisema gari la watu limeharibiwa, nguo ya binti yake itajaa mafuta mbele ya wakwe, na alionywa asimwite yule mzee. Alisema kesho asubuhi atasimama mbele ya wanawake wote watakaokuja kusaidia maandalizi aseme nani amefanya hivi, ili lawama isimwangukie yeye. Kwa kweli sikumlaumu. Lakini nilijua siku atakaposimama kusema, ndiyo siku ya mwisho ya Habuba kuitwa na mtu yeyote.

Nilimpigia mke wangu simu. Alikuja na bodaboda, akashuka kabla haijasimama. Hakusalimia. Alipitisha vidole kwenye siti, akavinusa, akafunga macho. Kisha akamgeukia mama wa bibi harusi.

"Hii naweza kuitengeneza," alisema. "Lakini ukisema jina la Habuba kwa mtu hata mmoja, mimi sigusi. Utapeleka gari hivi hivi Mbale."

"Unanitisha kwa harusi ya mtoto wangu?"

"Ndiyo, mama. Nakutisha."

Wakatazamana. Nimewahi kuona malori mawili yamekutana kwenye daraja jembamba, kila dereva amezima injini. Mwishowe mama yule akasema, "Chukua." Habuba tukamwambia gari linakwenda kwetu kuwekwa maua.

Watu hudhani mafuta hutolewa kwa kusugua. Ukisugua unayazamisha. Asubuhi ya Ijumaa mke wangu alinituma sokoni kununua unga wa muhogo, akauchekecha hadi ukawa laini kama poda, akazifunika siti zote. Kisha akafunga madirisha na kuliacha gari juani. "Jua liyatoe jasho," akasema. Joto likayavuta mafuta juu, unga ukayanywa. Baada ya muda unga ulikuwa umebadilika, una rangi ya uji wa mtama. Akaufuta kwa brashi kavu, akamwaga mwingine. Tukaendelea hivyo hadi jua likapoteza nguvu, na kila safari unga ulitoka mweupe zaidi. Kuku wa jirani walikula unga wenye karafuu na sandali siku nzima, na sijui mayai yao yalinukiaje.

Alikuwa anafanya kazi huku anabishana na Habuba ambaye hakuwapo. "Umejua ina kiu, sawa, umejua. Mimi mwenyewe ningesema hivyo. Lakini simsim, Habuba? Simsim kwa ngozi ya gari?" Halafu ananiangalia mimi kama mimi ndiye niliyepaka. Nilishika kitambaa, nikanyamaza.

Jumamosi akapitisha povu, akajaza nyufa, akasugua msasa. Akachanganya rangi juani, nyeupe na tone la njano na tone dogo la kahawia, akaijaribu chini ya kiti mahali ambapo hapaonekani, akaikataa, akaanza upya. Alipoanza kupaka kwa sponji, tabaka jembamba juu ya jingine, nilisimama nikatazama tu. Madoa yaliondoka moja baada ya jingine. Nikamletea chai.

Kisha pale katikati ya siti ya nyuma, mahali hasa pa bibi harusi, rangi ikakataa. Ilijikunja kama ngozi ya maziwa yaliyochemka. Mafuta yalikuwa bado ndani ya mshono. Na wakati huohuo mawingu yakatoka upande wa ziwa, mvua ikaanza. Mke wangu akatupa sponji ukutani. Akakaa chini kwenye saruji, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akasema, "Imenishinda."

Nilitaka kumwambia si kitu, lakini kilikuwa kitu. Tungempeleka bibi harusi amekalia taulo, wakwe wangeuliza taulo la nini, na mama yake asingenyamaza tena.

Mama huyo mwenyewe ndiye aliyeingia wakati ule, amejifunika kanga kwa mvua, kuja kuona kazi imefika wapi. Nilijua sasa atalipuka. Alitazama siti, akamtazama mke wangu pale chini. Kisha akasema, "Mimi pia alinipaka yale mafuta. Siku yangu." Akatoka. Aliporudi alikuwa amebeba ile mashine ya kukaushia nywele iliyokuwa imenunuliwa kwa ajili ya bibi harusi.

Tulisukuma gari chini ya paa, nikavuta waya wa umeme kupitia dirishani. Mke wangu alifuta ile rangi yote ya pale katikati, akarudi kwenye unga, mama yule akapuliza joto, mafuta yakatoka, wakafuta, wakarudia. Mama huyo alikaa ndani ya gari lile anatiririka jasho, mkono mmoja umechoka anabadilisha mwingine, huku mvua inapiga mabati hatusikiani. Kila tabaka la rangi alilikausha yeye. Magharibi ilipokaribia, mke wangu alipitisha vidole pale katikati, mbele, nyuma, tena mbele. "Kaa," akamwambia mama wa bibi harusi. Alikuwa amevaa gauni jeupe la nyumbani. Akakaa, akainuka, akageuka tumwone. Safi.

Kitu kimoja hakikutoka, nacho ni harufu. Karafuu na sandali zilikuwa zimeingia ndani ya sponji. "Hiyo iache," mke wangu alisema. "Hiyo haina kosa."

Jumapili niliendesha. Mke wangu mbele, nyuma bibi harusi katikati, mama yake upande mmoja na Habuba upande wa pili. Nilipitia Tororo, njia ndefu, kwa kuwa nilipokuwa na lori niliijua shimo kwa shimo na sikutaka kutupwatupwa. Kila nikitazama pembeni namwona mke wangu amegeuza shingo kuangalia nyuma. Tulipofika Busiu, karibu na Mbale, hakuvumilia. Akaniamuru nisimame kando ya wauza mahindi, akamwambia bibi harusi, "Shuka kidogo nikutengeneze nguo." Msichana akashuka na gurbaba yake nyeupe, mavazi ya harusi ya Kinubi, mke wangu akamzunguka kama afisa wa forodha anayekagua mzigo. Nguo ilikuwa safi. Habuba akauliza kwa nini tumesimama. Nikamwambia nilitaka mahindi, na ikabidi ninunue.

Mbale, uani kwa bwana harusi, vigelegele vilikuwa vingi. Mwenye gari alikuwapo, mtu mnene mwenye kofia, mcheshi. Wanawake walipomtoa bibi harusi, yeye akainamisha kichwa kuchungulia gari lake. Akapapasa siti. Akaingia akakaa nyuma, akatoka, akaingia mbele.

"Nani ametengeneza hii siti?" akauliza kwa sauti kubwa. "Hii si siti yangu! Mimi nilitoa gari mzee, mumeniletea gari mupya. Nani? Mimi niko na gari zingine nyumbani, zimeharibika vile vile."

Ninaomba uelewe. Mke wangu alikuwa amemtafuta mteja wa namna hii Mbale kwa miaka. Alikuwa amewahi kunifukuza kitandani tupeleke kadi zake kwenye gereji za huko, na wanaume wa gereji wakacheka. Sasa mtu mwenye magari alikuwa anauliza mbele ya umati. Nilimwona anavuta pumzi.

"Ni mafuta yangu," akasema Habuba.

Alikuwa amesimama kando ya mlango, ameshika fimbo, uso ameuelekeza kule sauti ya yule bwana ilikotoka. Alikuwa amenyooka. "Ngozi yako ilikuwa na kiu, mwanangu. Nimeipaka Alhamisi. Nusa."

Mwenye gari akanusa. Wanawake wakasogea, nao wakanusa. Mama wa bibi harusi aliinamisha kichwa, anatazama vidole vyake. Mimi nilimtazama mke wangu, yule anayejisifu asubuhi na jioni.

"Ndiyo, bwana," akasema. "Ni yeye. Hakuna mtu anajua ngozi kama Habuba."

Vigelegele vikapigwa upya, sasa vya Habuba. Yule bwana akataka gari lake la pili lipakwe palepale, na hapo mke wangu akapata sauti haraka sana. Akasema Habuba hapaki nje ya kwake, gari liletwe Jinja, tena lipelekwe Mpumudde kwanza. Mwanamke mmoja wa Mbale, mgeni kwetu, akashika mkono wa Habuba akaanza kumwambia habari za binti yake, kwamba naye ana harusi karibu, na je, mama, unaweza kuja huku?

Baadaye nilimpata mke wangu peke yake kando ya gari, anafuta alama ya kidole mlangoni. Nikamwambia kwamba leo ameniogopesha, kwamba sikujua anaweza kunyamaza. Nilikuwa natania. Yeye hakutania.

"Magari hayataisha, watu wako na sabuni ya unga," alisema. "Lakini Habuba, akikosa kuitwa, atalala kwa kitanda angoje kufa. Mimi nilimwona akianza."

Nilimpenda siku ile hadi kifua kikaniuma, na nikamwambia, hapo hapo, mbele ya watu. Akanifukuza kwa kile kitambaa. Kisha akaingia ndani kwa wanawake nami nikamfuata hadi mlangoni. Yule mama wa Mbale alikuwa amekwisha kumketisha binti yake mkekani mbele ya Habuba, na Habuba alikuwa ameushika mkono wa yule msichana, anaupapasa kuanzia vidoleni kwenda juu, polepole, wote wanangoja atasemaje.